Basi la Papa Deo katika Milima ya Wicklow

Tangu nirudi, hakuna anayeingia dukani kwangu hapa Jules Street, Johannesburg, hata kama amekuja kupunguziwa suruali tu, bila kuniuliza kwanza: "Papa Deo yuko wapi?" Wengine hawaulizi tena, wameshajijibu. Wanasema amezamia. Tuliondoka wawili kwenda kukimbia milimani huko Ayalandi, nimerudi mmoja, kwa hiyo kwao mambo yako wazi. Nimechoka kueleza huku nina pini mdomoni. Naiandika safari yote hapa, anayetaka kujua asome, kisha aniache nishone.

Kwa wasiomjua, Papa Deo ni mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa jengo la ofisi kule Randburg, na katika klabu yetu ya kukimbia ya Jumapili yeye ndiye dereva wa basi. Basi lenyewe halina magurudumu. Ni kundi la wakimbiaji wa polepole wanaomfuata mtu mmoja mwenye bendera, mtu anayejua kugawa nguvu ili wote wafike kabla muda wa mwisho haujapita. Papa Deo hugawa kwa nguzo za taa za barabarani. Tunakimbia nguzo nne, tunatembea moja. Yeye hutangulia, mara nyingine akikimbia kinyumenyume, anatuimbisha, na watu wazima wenye akili zao wanamfuata bila kuuliza. Wengi wenu mnaosoma hapa mmeshapanda basi hilo.

Jambo ambalo wengi hamkulijua ni kwamba ana binti. Merveille aliondoka Johannesburg na mama yake akiwa na miaka sita, wakapelekwa Ayalandi kwa mpango wa wakimbizi. Baba aliambiwa atafuata. Hakufuata. Mama akapata mume mwingine huko, simu zikapungua, mwisho zikakatika. Mwaka 2017 msichana, sasa ana miaka kumi na tisa, akaona kwenye simu yake picha ya mbio za Johannesburg, na ndani yake mzee mwenye bendera. Akatafuta mpaka akapata namba. Akaandika kwa Kiingereza: "Je, wewe ni baba yangu?"

Kiingereza cha Papa Deo ni cha getini: karibu, saini hapa, kwaheri. Alikuja dukani nimsomee ujumbe ule. Msichana alisema amekuwa mkimbiaji wa milimani. Alisema kama baba anataka kumjua, aje wakimbie. "Sijui kukaa mezani na mtu nisiyemjua," aliandika, "lakini kukimbia naye naweza."

Ndivyo nilivyopata kazi ya ukalimani. Viza, tiketi na nauli nayaruka, kila mmoja wetu ana hadithi zake za hayo na zote zinafanana.

Addis Ababa

Tuliondoka mwezi wa nane, baridi ya Joburg ikiwa bado inakatisha vidole. Niliambiwa kule ni kiangazi. Nikachukua koti moja jepesi. Mtu wa Lushoto niliyekulia kwenye ukungu nilipaswa kujua kwamba neno kiangazi kila nchi ina lake.

Addis Ababa tulipaswa kupita tu, lakini mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira na ndege haikuondoka. Tulikaa ukumbini mpaka tukawajua wafagiaji. Tulikula injera, ile chapati yao chachu, yenye mchuzi wa dengu, mimi nikaongeza nyingine. Kijana mmoja wa kule aliona viatu vyetu vya kukimbia akauliza tunakwenda kushindana wapi. Nikamwambia Ayalandi. Akamtazama Papa Deo, akatazama kitambi changu, akasema Mungu awatangulie. Alisema kwa heshima kabisa.

Papa Deo hakula. Aliishika ile bendera yake iliyokunjwa, bendera niliyomshonea mimi, akaniambia nimfundishe sentensi moja ya Kiingereza. Alitaka kusema: samahani sikuja. Nikamfundisha. Alirudia, akarudia, sauti ikawa inapanda bila yeye kujua. Mama mmoja aliyekaa jirani, Mganda kwa lafudhi, akageuka akamwambia kwa upole, "Hakuna neno, baba, mimi mwenyewe nimefika sasa hivi." Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Papa Deo hakucheka.

"Fundi," aliniambia, "weye unacheka. Yule mtoto anaweza kuniangalia tu, aseme sawa, nimekuona, rudia kwenu. Sasa miye nitafanya nini?"

 Nilimwambia ale. Kwa kweli swali hilo ndilo lililokuwa linatupeleka, mengine yote yalikuwa milima na mvua.

Dublin hadi kwa Bi Nora

Merveille alikuwa anatusubiri pale wanapotokea wasafiri. Nilimtambua kwa paji la uso, ni la baba yake lote. Msichana mrefu, mwembamba, kavaa koti la mvua lililoshonwa vizuri, mishono imezibwa kwa utepe ndani ili maji yasipenye. Naomba radhi, ni macho ya kazi.

Papa Deo alisogea mbele. Ile sentensi aliyoirudia njia nzima ikamtoka kichwani yote. Akasimama wima kama anavyosimama getini, akatoa mkono, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, "Habari za asubuhi, madam."

Ilikuwa jioni, isitoshe. Merveille alimpa mkono. Alijibu, "Habari za asubuhi, bwana." Kisha akachukua mkokoteni wa mizigo akaanza kuusukuma, nasi tukamfuata. Niliona vibaya sana, kama vile mimi ndiye niliyesema.

Tulipanda basi la kuelekea kusini, basi la kweli. Merveille alikaa upande wa pili wa njia. Alikuwa akielewa Kiswahili, hilo niligundua mapema, kwa sababu Papa Deo alipolalamika kwamba miguu imevimba, yeye alihamisha begi lake ili anyooshe. Ila hakusema neno la Kiswahili. Alimwita baba yake "yeye". "Muulize yeye kama ana njaa." Nami namuuliza mtu aliyekaa umbali wa mkono.

Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Nora, katika kijiji kilicho chini ya milima ya Wicklow, na huyo mama ndiye aliyetupokea. Bi Nora huongea haraka na hapumziki. Asubuhi ya kwanza alinitengea sahani ya soseji na nyama ya nguruwe iliyokaangwa, ikinukia kupita kiasi. Nikamweleza mimi ni Mwislamu. Maskini, alishika mdomo, akaiondoa sahani ile kana kwamba ina moto, na tangu siku hiyo alinipikia samaki asubuhi, mchana na usiku. Ukimwambia umeshiba anakuuliza tena. Ukikataa tena anauliza mara ya tatu, na hapo unajua kwamba sasa ndipo unatakiwa kukubali. Tanga ni hivyo hivyo. Katika nchi ile yote, hilo ndilo jambo ambalo sikuhitaji kufundishwa.

Njia ya maziwa mawili

Siku ya kwanza ya kukimbia Merveille alitupeleka Glendalough, bonde lenye maziwa mawili, moja juu na jingine chini, na kuta za mlima pande zote. Njia inapanda msituni kwa ngazi, ngazi ndefu zisizo na huruma, halafu inatokea kwenye ukingo wa juu ambako wametandika mataruma ya reli, zile mbao nene za chini ya vyuma, mawili mawili, yamepigiliwa wavu wa waya ili mguu usiteleze. Usipokanyaga mbao unakanyaga tope jeusi linalomeza kiatu. Chini kabisa unaona ziwa, jeusi nalo, na mlima wa pili umejaa vichaka vya maua ya zambarau. Kulungu walisimama kututazama, wakarudi kula. Nilifurahi kiasi cha kusahau magoti.

Kazi yangu ilikuwa ngumu kuliko mnavyodhani. Merveille alikuwa mbele, baba yake nyuma, mbao zinatosha mtu mmoja. Mimi niliwekwa katikati. Yeye anasema jambo bila kugeuka, mimi nahema, nageuka, nalipeleka nyuma. Jibu linakuja kutoka nyuma, nahema, nalipeleka mbele. Mengi yalikuwa ya kawaida. Unafanya kazi gani. Unalala saa ngapi. Kule kuna milima? Kuna wakati upepo ulichukua nusu ya maneno, nami nikajaza kwa akili yangu.

Papa Deo hakuwa sawa. Alikimbia mara akaongeza kasi, mara akasimama, akaanza tena, kama mtu aliyepoteza kitu. Nilimuuliza.

"Hakuna nguzo," alisema. "Kilometa yote hii, hakuna hata nguzo moja, hakuna robot ya kusimamisha magari, hakuna kitu. Batu ba huku banajuaje saa ya kutembea?"

Nililipeleka mbele. Merveille akajibu, "Mwambie tunatembea tukichoka." Nikalirudisha nyuma. Papa Deo alitikisa kichwa kwa masikitiko. Aliona huo si mpango wa mtu mzima.

Tulipomaliza, Merveille alikunywa maji, akasema mbio zilikuwa nzuri, akaingia kwenye gari la Bi Nora na kufunga mkanda. Hivyo tu. Siku mbili zilizofuata tulikimbia njia nyingine mbili, moja ya malisho yenye kondoo waliopakwa rangi ya buluu mgongoni, nyingine kando ya mto, na zote ziliisha hivyo hivyo. Usiku Papa Deo alilala chali, macho darini. Tiketi zetu zilikuwa za siku kumi.

Jumamosi, ndani ya ukungu

Jumamosi lilikuja kundi. Kuna watu wa kijiji kile na vijiji jirani wanaokimbia pamoja milimani kila wiki, na siku hiyo wakongwe wao walikuwa wamekwenda mashindanoni kwingine, kwa hiyo kundi walimkabidhi Merveille. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza. Bi Nora alituambia kwamba hakulala vizuri. Waliokuja walikuwa wengi wao wageni wa kundi: mwalimu mstaafu, vijana wawili wachumba, mafundi, mama mmoja wa makamo aliyevaa koti jekundu anayeitwa Orla, na wengine ambao majina yao sikuyashika.

Merveille alieleza njia. Tutapanda kando ya maporomoko ya maji, tutoke msitu wa misonobari, tufike juu kwenye tandiko la mlima, penye uwanda kati ya vilele viwili. Hapo kila mtu asubiri. Kisha tutakunja kulia na kushuka kwa zile mbao kurudi kwenye maziwa. Nilimtafsiria Papa Deo neno kwa neno, akaitikia. Merveille alisema yeye atakaa nyuma, kwa sababu ndiko walioko wanaohitaji kuangaliwa. Nilijua anamsema nani.

Baada ya maporomoko ukungu ukashuka. Nilikuwa nakokota miguu, Merveille yuko kando yangu, na waliobaki wako mbele hatuwaoni. Hapo akaniuliza, bila kunitazama, "Anko, huko kwenu huwa ananitaja?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia hakunitajia hata siku moja mpaka ujumbe wake ulipofika. Lakini nilimwambia pia kwamba kila mwaka, siku moja mwezi wa tano, huomba ruhusa kazini na hakimbii, hali, haongei na mtu, nasi tulidhani ni msiba wa kwao.

"Mwezi wa tano ndio tuliondoka," alisema Merveille. Tukapanda kidogo. "Kwa nini aliacha kupiga simu?"

"Hilo muulize mwenyewe."

"Wewe ndiye unayesema naye."

Hapo ndipo niliposikia wimbo. Mnaujua, ule wa Jumapili, anaanza yeye na watu wanaitikia. Ulikuwa unatoka ndani ya ukungu, sauti za Waayalandi wakiitikia maneno ya Kizulu wasiyoyajua, kwa furaha kabisa, na ulikuwa unakwenda mbali. Merveille alisimama. Akasikiliza. Kisha akapiga kelele kwa nguvu zote, na mimi nikapiga, lakini mtu anayeimba hasikii.

"Wanashuka upande wa pili," alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Wanakwenda bonde lingine."

Nitawaeleza kilichotokea kama nilivyokuja kuelezwa. Pale juu Papa Deo aliona nguzo. Ni vigingi vya mbao, vimefika kiunoni, vina alama ya mtu wa njano anayetembea, vimechomekwa kufuata njia moja ndefu inayovuka milima ile yote. Baada ya siku tatu za kukimbia kama kipofu, mtu wetu amepata nguzo! Akafungua bendera. Nguzo nne kukimbia, moja kutembea. Watu walikuwa wanatetemeka kwa baridi, ukungu umeficha kila kitu, na kwa kuwa mlima pale juu ni tambarare hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo juu kwenyewe pa kusubiri. Wakaona mzee mwenye bendera anayekwenda kwa uhakika. Wakamfuata.

Huku kwetu dereva wa basi hahitaji kujua njia. Barabara imefungwa, imechorwa, ina watu wa maji kila kona. Yeye anajua nguvu na muda, basi. Kule mlimani anayekwenda mbele kwa sauti kubwa ndiye anayejua njia, vinginevyo angekaa kimya. Wao walidhani anawaongoza. Yeye alidhani wanamfuata kwa ajili ya hesabu ya nguzo tu, njia wanaijua, si kwao? Vigingi vile vikawashusha wote kwa pamoja, wakiimba, hadi bonde la Glenmalure.

Bonde lisilo letu

Tulishuka nyuma yao msituni, Merveille akikimbia na kurudi kuniangalia, mimi goti la kulia limeanza kulia. Tuliwakuta uani kwa mkulima mmoja, mzee mwenye mbwa, ambaye alikuwa ametoka kufunga geti akakuta kwaya. Alikuwa amewafungulia banda, mkewe anagawa chai kwenye vikombe visivyofanana. Magari yetu yalikuwa upande wa pili wa mlima. Hakuna aliyekasirika, hata walikuwa wanacheka, na yule mwalimu mstaafu alikuwa anauliza maneno ya ubeti wa pili.

Merveille hakucheka. Alipitisha macho kwa kila mmoja. Akapitisha tena.

"Orla yuko wapi?"

Vicheko vikakatika. Mama wa koti jekundu hakuwepo, na simu yake haikushika mtandao.

Hapo ndipo msichana alipomgeukia baba yake. Aliongea Kiingereza, haraka, na baada ya kila sentensi alininyooshea kidole nitafsiri. Nikatafsiri. Watu wamesimama na vikombe, mvua imeanza kupiga bati, na mimi katikati nasema kwa Kiswahili maneno ambayo sikutaka yatoke kinywani mwangu. Kwamba watu humfuata tu, sijui kwa nini. Mama wa Merveille alimfuata kutoka Lubumbashi mpaka Johannesburg. Kisha baba huyo akawaambia mama na mtoto tangulieni, naja nyuma yenu. Kwamba shuleni Merveille aliwaambia watoto wote baba yangu anakuja. Aliwaambia mwaka wa kwanza na wa pili, na mwaka wa tatu wakaanza kumcheka. Kwamba leo ndiyo siku ya kwanza watu hawa wamemwamini kuwaongoza, na ona.

 Papa Deo alikuwa amesimama wima, bendera imelowa, ananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasema. Nilidhani atajitetea. Hakujitetea.

"Mwambie," alisema, "yule mama wa koti nyekundu, miye nilimuona mara ya mwisho kwenye geti ya mbao, pale msitu unaanza. Alikuwa anavuta mguu wa kushoto. Nilifikiri anakuja na weye nyuma." Akamkabidhi mwalimu mstaafu bendera. "Naenda kumtafuta."

Akatoka mvuani. Ninyi mnaomjua mnajua sheria yake: basi halirudi nyuma. Wangapi tumewaacha wamekaa ukingoni mwa barabara, naye anasema gari la wagonjwa litawachukua. Nilimwona anapanda njia ile ile kwa miguu ile ile iliyovimba, hatua fupifupi, bila kuangalia kama kuna anayemfuata.

Merveille alimtazama mpaka alipofika kwenye miti. "Hajui hata njia," alisema, akaomba tochi kwa mkulima, akamkimbilia.

Mimi nilibaki. Goti lilikataa, na ningekwenda kufanya nini? Mkulima aliwabeba wengine kwa gari lake la kondoo, mara ya kwanza na ya pili, kuwazungusha kwa barabara hadi kwenye magari yao. Mkewe alinikalisha jikoni, akanipa mkate mweusi na siagi, akaniuliza kama yule bwana ni baba wa yule binti. Nikasema ndiyo. Akasema wanafanana paji la uso. Kisha tukakaa tunasikiliza mvua. Nilikuwa naogopa, siwafichi. Niliogopa kwa ajili ya Orla, lakini zaidi niliwaogopea wale wawili, kwa sababu hawakuwa na mkalimani.

Walishuka mvua ilipokuwa imechoka. Papa Deo alikuwa amembeba Orla mgongoni, mama mzima, kifundo cha mguu kimevimba, koti jekundu limejaa tope. Alikuwa ameteleza na kujikinga nyuma ya ukuta wa mawe, ndiyo maana mimi na Merveille tulimpita kwenye ukungu bila kumwona. Merveille alitangulia na tochi, akafungua geti, akawasubiri wapite, akalifunga.  Nilisimama mlangoni tayari kwa kazi, hawakuniita.

Usiku ule kwa Bi Nora nilimuuliza Papa Deo mliongea nini. Alisema aliulizwa kitu kimoja, kwa Kiingereza, akakielewa bila mtu kumtafsiria: kwa nini aliacha kupiga simu. Alijibu kwa Kiswahili, polepole. Alimwambia aliona haya. Mama yake alikuwa amepata bwana mwenye kazi na nyumba, yeye Papa Deo alikuwa analinda geti na kulala Joubert Park watu wanane chumba kimoja. Kila akishika simu alikuwa hana kitu cha kusema. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na baada ya mwaka haya ikawa kubwa zaidi.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinionyesha fasi ya kukanyaga. Kule ni utelezi sana." Akavuta blanketi. "Njo vile, Fundi. Lala."

Asubuhi ya kuondoka

Siku zilizobaki sikukimbia. Walikimbia wawili, asubuhi mapema, nami nikabaki na Bi Nora na samaki wake. Walirudi wamelowa, wakaketi mezani, wakala. Sikuweza kusoma lolote usoni mwa yule msichana. Papa Deo naye hakuuliza kitu. Nilimwambia, muulize basi kama mtaonana tena. Alisema hapana, hana haki ya kuuliza.

Asubuhi ya kuondoka mabegi yetu mawili yalikuwa mlangoni. Bi Nora aliwasha gari. Papa Deo alivaa ile suti yake ya kijivu, niliyomshonea kwa safari, akakaa mezani mbele ya chai ambayo hakuinywa. Merveille alishuka ngazi. Alichukua begi langu, akalipeleka garini, akafunga buti. Akarudi. Akachukua begi la baba yake, akasimama nalo kidogo pale mlangoni, halafu akageuka, akapanda nalo ngazi. Tulisikia hatua zake juu, mlango wa chumba ukafunguliwa, begi likatuliwa sakafuni.

Papa Deo alinitazama. Mimi nilitazama meza.

Aliposhuka, baba yake alikuwa amesimama. Alianza kusema jambo la ndege, la tiketi, la bosi wa Randburg, kwa Kiswahili na Kifaransa na kile Kiingereza cha getini, vyote pamoja. Merveille alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa miaka sita, kwa sababu hicho ndicho Kiswahili alichokuwa nacho:

"Bado."

Akavuta kiti, akakaa, akamsogezea mkate.

Mimi nilitoka nje nikapanda gari. Bi Nora aliniuliza mara tatu kama niko sawa, na mara ya tatu nikakubali leso yake.